Siku 14 za kuandaa baiskeli ya kilomita 200

Siku ya 1

Baiskeli mbili zimeegemea ukuta mmoja, nami nina wiki mbili za kuamua ni ipi itanibeba kilomita 200 kwa siku moja. Ya kwanza ni ya mashindano: fremu ya kaboni, kilo 8, tairi za milimita 25, na nafasi iliyobaki kati ya tairi na uma wa mbele ni ndogo hata kidole changu cha mwisho hakipiti. Ya pili ni ya chuma, ya zamani, kilo 12 na nusu ukihesabu madigadi na keria. Mdogo wangu amekubali kupanda ile nitakayoiacha. Kimo chetu kinakaribiana, yeye ananizidi kidogo, kwa hiyo zote mbili zinatufaa baada ya kurekebishwa.

Kwa nini 200? Kwa watu wa safari ndefu za baiskeli, umbali huo ndio mlango wa kwanza. Audax Club Parisien, chama cha Ufaransa kinachosimamia safari hizi, kinampa mpanda baiskeli saa 13 na dakika 30 kwa kilomita 200, saa 20 kwa 300, saa 27 kwa 400 na saa 40 kwa 600. Mbele ya hapo kuna Paris–Brest–Paris, kilomita 1,200 ambazo wengi huzikimbiza ndani ya saa 90. Nimegawa zile 200: ni kama kilomita 14.8 kwa saa, vituo vikiwemo. Mtu mwenye afya anaufikia mwendo huo bila kuwa mwanamichezo. Kinachowarudisha watu nyumbani njiani ni goti, viganja, shingo na makalio, na vyote vinne vinategemea jinsi baiskeli ilivyochaguliwa na kufungwa. Hilo ndilo ninalotaka kulishughulikia kwa siku hizi 14, na nimeanza daftari ili nisidanganywe na kumbukumbu.

Siku ya 2

Kilomita 60 na ya kaboni. Saa 2 dakika 43. Asubuhi tulivu, upepo hafifu.

Saa ya kwanza nilifurahi mno. Unakanyaga, inaruka. Kwenye kilima kifupi cha mwanzo niliona kama kuna mtu ananisukuma mgongoni. Lakini barabara hii ina kipande cha kilomita 11 ambacho lami imechanika, na hapo nililazimika kusimama juu ya pedeli mara kwa mara ili kiti kisinipige. Nilipofika mwisho vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa na ganzi.

Siku ya 3

Barabara ileile, saa ileile ya kuanza, baiskeli ya chuma. Saa 2 dakika 48.

Dakika tano! Nilitarajia ishirini. Nimeziangalia namba hizi kwa muda mrefu jioni ya leo. Tofauti ya kilo nne na nusu ni kubwa ukiinua baiskeli kwa mkono, lakini barabarani unachosukuma ni baiskeli, mwili, maji na vifaa kwa pamoja, na kwangu jumla hiyo inapita kilo 80. Uzito huo wa ziada unaulipia mlimani. Kwenye tambarare, ukishavuka kilomita 20 kwa saa, nguvu nyingi inaliwa na upepo, na upepo haupimi kilo. Kwenye lami iliyochanika nilikaa kitini mwanzo hadi mwisho na mwendo haukushuka.

Dakika tano kwa 60 ni kama dakika 17 kwa 200. Nikisimama mara mbili kunyoosha mgongo nimeshazimaliza. Nimechagua ya chuma.

Sababu nyingine ni nafasi. Uma wake na fremu yake vinapitisha tairi ya milimita 35 hata ukiwa na madigadi. Kwa atakayeniuliza anunue ipi, jambo la kwanza nitakalomwambia ni hili: angalia nafasi ya tairi kabla hujaangalia kitu kingine. Kiti hubadilishwa, gia hubadilishwa, usukani hubadilishwa. Fremu isiyopitisha tairi pana haitaipitisha kamwe.

Siku ya 4

Leo hakuna safari. Siku nzima ni ya vipimo, na imekuwa siku nzuri kuliko nilivyodhani.

Nilianza na urefu wa kiti. Unasimama peku ukiegemea ukuta, unabana kitabu chembamba katikati ya mapaja na kukipandisha hadi kiguse msamba kwa nguvu ileile ya kiti, kisha mtu anapima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Mimi ni sentimita 78, mdogo wangu 81. Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990, ndiye aliyeieneza hesabu ya kuzidisha kipimo hicho kwa 0.883. Jibu ni umbali wa kutoka katikati ya ekseli ya kranki (mikono inayoshika pedeli) hadi juu ya kiti, ukifuata bomba la fremu. Kwangu ni sentimita 68.9, kwa mdogo wangu 71.5.

Kisha nikahakikisha kwa njia ya kale ya kisigino. Panda, egemea ukuta, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Ukirudisha kiganja cha mguu kwenye pedeli, goti linabaki na mkunjo mdogo. Njia zote mbili zilipishana kwa milimita nne tu, nikaridhika. Hesabu hizi zinakupa mahali pa kuanzia. Unene wa soli, urefu wa kranki na namna mtu anavyoshusha au kuinua kisigino akikanyaga vyote vinasogeza jibu.

Baada ya urefu, mbele na nyuma. Nilimwomba mdogo wangu ashike timazi: kranki zikiwa zimelala sawa na ardhi, uzi unaoanzia chini kidogo ya kifuniko cha goti la mbele ushuke karibu na ekseli ya pedeli. Uzi wangu uliangukia sentimita moja na nusu mbele ya ekseli, nikarudisha kiti nyuma.

Mdogo wangu akauliza, "Sasa usukani si utakuwa mbali, dada?"

Ulikuwa mbali kweli. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wakiona usukani uko mbali wanakivuta kiti mbele, na papo hapo magoti yanapoteza mahali pake. Kiti kinafungwa kwa ajili ya miguu. Usukani ukiwa mbali, unafunguliwa na kuwekewa shingo fupi zaidi, yaani kile kipande kinachouunganisha na uma. Tulikuwa na shingo ya milimita 110, tukaibadilisha kwa ya 90. Usukani wenyewe ni ule uliopinda kama pembe za kondoo dume, na nimeuacha makusudi. Watu wanaudhania wa mbio, ila faida yake kwa safari ndefu ni kwamba mikono ina mahali patatu au panne pa kuhamia.

Mwisho nilizungushia utepe mwembamba kwenye bomba la kiti, pale linapoingia kwenye fremu. Mdogo wangu aliona ni urembo. Ni alama.

Siku ya 5

Kilomita 85, joto, upepo wa ubavu.

Saa mbili za kwanza sikuikumbuka kabisa baiskeli, na hiyo ndiyo sifa kubwa ninayoweza kuipa. Kwenye kilomita ya 58 goti la kulia likaanza kuuma upande wa mbele, chini ya kifuniko. Nikapunguza gia, nikazungusha kwa wepesi, halikutulia. Kufikia kilomita ya 70 lilikuwa linauma kila ninapokanyaga. Nyumbani, kushuka ngazi tatu za mlangoni nilihitaji kushika ukuta.

Maumivu ya mbele ya goti kwa kawaida yanaelekeza kwenye kiti kilicho chini mno. Ya nyuma ya goti, kiti kilicho juu mno. Lakini kiti nilikipima jana! Nilikuwa karibu kuilaumu hesabu yote nilipouona utepe: nusu yake ilikuwa imesokotwa na kuzama ndani ya fremu. Kiti kilikuwa kinashuka taratibu njia nzima. Nikapima. Milimita 11.

Nilifungua nikiamini ni boliti tu. Boliti ilikuwa imekaza vizuri. Nilipolitoa bomba la kiti nikaona namba iliyochapwa karibu na mwisho wake: 27.0. Mabomba ya kiti hutengenezwa kwa vipimo vinavyopishana milimita 0.2, na fremu hii inataka 27.2. Kuna mtu aliwahi kuweka lisilo lake, na kwa safari fupi hakuna aliyejua. Mzigo wa saa tatu na mitikisiko ndio uliolifichua.

Bila utepe ningekuwa nimekwisha kuinua kiti, nikakaza, na kesho yake kingeshuka tena huku mimi nikijaribu viatu vipya na mazoezi ya goti.

Siku ya 6

Bomba la 27.2 limeingia kama lilivyozaliwa humo. Nimefuta grisi ya zamani, nimepaka mpya kwa utando mwembamba ili chuma kisigande na chuma, nimekaza, nimepima 68.9, nimeweka utepe mpya.

Goti linapumzika, kwa hiyo leo ni zamu ya tairi.

Tairi zilizokuja na baiskeli ni za milimita 28, ngumu, ubavu wake mnene. Nimeweka za 32. Ukinunua tairi usome namba ndogo zilizochapwa ubavuni kwa mtindo wa 32-622: ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi inapokalia, vyote kwa milimita. Majina ya inchi yanachanganya, kwa sababu rimu mbili zenye jina moja la inchi zinaweza kutofautiana. 622 ni 622 popote.

Kuhusu upepo nina msimamo mkali. Mpira wenye upepo mwingi kupita kiasi unahisi una kasi kwa sababu unatetemeka, na mtetemeko huo unaliwa na misuli yako. Frank Berto, Mmarekani aliyeandika sana juu ya ufundi wa baiskeli, alipendekeza upepo unaoifanya tairi ibonyee kama asilimia 15 ya kimo chake unapoikalia. Kwa tairi ya 32 hiyo ni chini kidogo ya milimita tano. Gurudumu la nyuma linabeba uzito mkubwa zaidi, kwa hiyo haliwezi kuwa sawa na la mbele. Nilianzia psi 60 (kipimo cha upepo kwenye pampu) nyuma na 50 mbele, nikaenda kwenye changarawe, nikarudi, nikaacha hapohapo.

Mambo haya yana historia inayonigusa. John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi ya upepo mwaka 1888. Miaka mitatu baadaye, Paris–Brest–Paris ya kwanza ilipofanyika mwaka 1891, Charles Terront aliishinda kwa saa 71 na ushei, akitumia tairi za Michelin zilizoweza kuvuliwa kwenye rimu ili zizibwe pancha. Kilomita 1,200, karibu bila kulala, kwenye barabara za wakati ule, kwa baiskeli isiyo na gia za kubadilisha. Kila ninapoweka tyubu ndani ya tairi kwa vidole viwili bila gundi, namfikiria.

Siku ya 8

Kilomita 100, na nyingi zilikuwa za kupanda. Goti kimya. Utepe haujasogea.

Tatizo la leo ni gia. Mbele nina sproketi za meno 50 na 34, nyuma kaseti, yaani rundo la sproketi, ya meno 11 hadi 28. Kwenye kilomita ya 77 kuna mpando mrefu, na nilipofika katikati yake nilikuwa nimeshamaliza gia zote huku pedeli zikizunguka labda mara 40 kwa dakika. Kukanyaga kwa uzito namna hiyo ndiko kunakoyala magoti. Nilishuka, nikasukuma mita mia mbili.

Mdogo wangu alipita juu yake na ile ya kaboni bila kushuka, nami nakiri aliupanda vizuri. Alinisubiri kileleni akiwa anahema sana.

Siku ya 9

Hesabu ya gia, kwa sababu macho peke yake hayatoshi.

Gurudumu langu lenye tairi ya 32 linafunika mita 2.15 kwa mzunguko mmoja. Gia yangu nyepesi ya jana ilikuwa 34 kwa 28: ukigawa unapata 1.21, ukizidisha kwa 2.15 unapata mita 2.6 kwa kila mzunguko wa pedeli. Ili nizungushe hata mara 60 kwa dakika ingenilazimu nipande kwa kilomita 9.4 kwa saa, na kwenye mlima ule, baada ya saa tano za safari, sina nguvu hiyo. Nikiweka kaseti ya 11 hadi 34, gia nyepesi inakuwa 34 kwa 34, yaani moja kwa moja: mita 2.15. Mizunguko 60 inanipa kilomita 7.7 kwa saa. Hiyo ninaiweza.

Ninavyoona, gia ya kwanza kuangaliwa kwenye baiskeli ya mbali ni ile nyepesi kuliko zote. Ile nzito ya 50 kwa 11 inatembea karibu mita kumi kwa mzunguko mmoja, nami naitumia nikiteremka tu, mahali ambapo ningeweza kukaa bila kukanyaga. Wauzaji wanazisifu gia za juu. Jioni, mguu unatafuta za chini.

Si jambo jipya. Paul de Vivie wa Saint-Étienne, aliyejulikana kwa jina la Vélocio, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwashawishi wapanda baiskeli wa Ufaransa kwamba gia za kubadilisha si aibu. Tour de France ilikataa deraila, kifaa kinachouhamisha mnyororo kutoka gia moja hadi nyingine, hadi 1937. Mabingwa wa nchi nzima walikuwa wakifika chini ya mlima, wanafungua gurudumu la nyuma na kuligeuza ili wapate jino jepesi la upande wa pili.

Kazi yenyewe ilichukua mchana wote. Kaseti kubwa inahitaji deraila yenye mkono mrefu, kwani ile fupi haiwezi kumeza mnyororo unaolegea ukirudi kwenye meno madogo. Mnyororo nao ulikuwa mfupi. Kupata urefu, niliuzungusha mpya kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuupitisha kwenye deraila, nikauvuta ukutane, nikaongeza pingili mbili. Usipopima hivyo na siku moja ukateleza ukaweka kubwa kwa kubwa, mnyororo mfupi unaweza kuing'oa deraila pamoja na sikio la fremu linaloishika.

Kuilinganisha deraila kulinishinda kwa nusu saa. Mnyororo ulikuwa unasitasita kwenye jino la tatu. Nilizungusha skrubu ya waya robo, nikasikiliza, robo nyingine, nikasikiliza. Ikifunga sawasawa, mlio unakatika ghafla kama mtu aliyefunga mlango.

Siku ya 11

Kilomita 140. Umbali mrefu kuliko wote niliowahi kwenda. Saa 7 dakika 20 za kukanyaga.

Mlima wa siku ya 8 niliupanda nikiwa nimekaa, ninapumua kwa pua. Goti halina neno.

Lakini kuanzia kilomita ya 95 viganja vilikuwa vinaungua na vidole viwili vya mwisho, mkono wa kushoto na wa kulia, vikafa ganzi. Kwenye kilomita ya 120 sikuweza kubana breki ya mbele vizuri kwa mkono mmoja. Hilo si suala la starehe tena, ni la usalama. Tulisimama, nikaitikisa mikono hadi ikaamka.

Mdogo wangu alisema, "Dada, labda glovu nene zaidi." Labda. Ila mishipa ya fahamu ya vidole hivyo inapita upande wa nje wa kiganja, na inabanwa na uzito. Swali langu ni kwa nini uzito wangu uko mikononi.

Siku ya 12

Jibu lilikuwa kwenye kiti.

Siku ya 5, nilipoanza kuhisi kubanwa mbele, niliinamisha ncha ya kiti kidogo kwenda chini na kuisahau. Leo niliweka pimamaji juu yake: povu lilikimbilia mwisho kabisa. Kiti kilichoinama hivyo ni mteremko. Mwili unateleza mbele siku nzima, na mikono inakaa kazini kuuzuia. Nilitibu mahali pamoja nikapeleka ugonjwa pengine. Nimelirudisha povu katikati.

Lakini kule kubanwa kulikuwa na sababu yake pia, na nilitaka kuijua. Nilikalia kipande cha katoni kwenye ngazi kwa dakika mbili, nikiwa nimeinama mbele kama niko kwenye usukani. Mifupa miwili ya kukalia iliacha mashimo mawili, na kati ya vitovu vyake ni milimita 125. Kiti nilichokuwa nacho kina upana wa 130 ukingo hadi ukingo, na kingo hizo zinateremka. Maana yake mifupa ilikuwa inakaa kwenye miteremko badala ya mahali bapa, na nyama laini ya katikati ndiyo ilikuwa inanibeba. Wanawake wengi wanapewa baiskeli zenye viti vya namna hii na kuambiwa watazoea. Mfupa hauzoei mahali usipokalia. Kiti cha upana wa 150, chenye mfereji katikati, kilikuwa kwenye baiskeli nyingine ya zamani ndani ya ghala. Ngozi yake imekwaruzika, lakini sehemu bapa iko pale mifupa yangu ilipo.

Usukani niliupandisha sentimita mbili. Shingo yake ni ya kuvutwa juu, na ina mstari ambao haupaswi kuonekana nje. Nilibaki chini ya mstari huo.

Jioni kilomita 30 za kujaribu. Nilipiga kinanda cha hewani kwa vidole vyote kumi huku nikikanyaga. Kama unaweza kuinua mikono kutoka kwenye usukani kwa sekunde mbili bila kuangukia mbele, uzito uko panapostahili.

Siku ya 13

Ukaguzi. Hakuna jipya linaloingia leo. Mdogo wangu alitaka kubadilisha kiti chake baada ya kuona changu, nikamkatalia: kiti kipya hakianzi kazi siku ya kilomita 200.

Mnyororo wa ya kaboni niliupima kwa rula: pingili 24, kutoka pini hadi pini, zinapaswa kuwa milimita 304.8. Ukizidi karibu 306.3 ni wakati wa kuutoa kabla haujala meno ya kaseti. Wake ulikuwa 305 na kidogo, umepita. Raba za breki, sawa. Spoku nilizibana mbilimbili kwa mkono nikitafuta iliyolegea, na moja ya nyuma ilipata robo ya mzunguko. Pedeli nilizikaza, nikikumbuka kwamba ya kushoto ina nyuzi za kinyume.

Mfuko: tyubu mbili, viraka, vitoa tairi, pampu, spana za pembe sita za 4, 5 na 6, kikata mnyororo, kiungo cha haraka cha mnyororo, kipande cha tairi kuukuu cha kuwekwa ndani endapo ubavu utachanika. Maji lita moja na nusu kwenye fremu. Mzigo umekaa kwenye keria, mgongoni sibebi kitu.

Siku ya 14

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, taa zikiwaka.

Kilomita 60 za kwanza tulizungumza njia nzima. Ya 60 hadi 100, upepo wa uso, tukapokezana kutangulia kila dakika tano. Kwenye ya 112 gurudumu langu la nyuma lilianza kuyumba: pancha. Kabla ya kuweka tyubu mpya nilipitisha kitambaa ndani ya tairi taratibu, kikanasa kwenye uzi wa chuma mwembamba kama unywele. Ningeharakisha, ungetoboa na ya pili. Dakika 19 na tukawa njiani.

Kutoka 140 kwenda mbele nilikuwa nchi nisiyoijua. Nilikuwa nikijikagua kila baada ya kilomita kumi, kwa sauti: vidole, shingo, makalio, goti la kushoto, goti la kulia. Shingo ilichoka. Makalio yalichoka kama misuli inavyochoka, si kama kitu kinachochubuka. Vidole vyote kumi vilikuwepo. Mlima wa mwisho, kilomita ya 171, niliingia 34 kwa 34 mapema nikaacha miguu izunguke, na mdogo wangu aliyekuwa mbele yangu akasimama juu ya pedeli, akaketi, akasimama tena. Kwa mara ya kwanza tulifika juu pamoja.

Kilomita 200 zilitimia saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Saa 12 na dakika 20 kwa jumla, saa 10 na dakika 5 kati ya hizo tukiwa tunakanyaga. Karibu kilomita 20 kwa saa. Mdogo wangu alilala chali kwenye nyasi, mikono kifuani, akifungua na kufunga vidole vyake.

Niliisukuma baiskeli hadi ukutani, nikaangalia utepe, nikaenda kuchukua maji ndani. Nikirudi nje nilisimama juu ya zile ngazi tatu. Nikashuka ya kwanza nikilisikiliza goti la kulia. Ya pili. Ya tatu, bila kushika ukuta.